Mimba ina wiki 9, kliniki wamenirudisha nikamlete mume. Nifanyeje?

Binti wa Buchosa

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Naomba ushauri, hasa kwa akina mama waliokwisha kuzaa na wahudumu wa afya mliomo humu. Nina miaka 22, hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 14 Februari, kwa hiyo leo nina wiki 9 na siku kidogo. Kipimo cha mkojo nilinunua duka la dawa, mistari ikatoka miwili, tena ule wa pili umekolea kabisa.

Nimeenda zahanati ya hapa kwetu kuanza kliniki. Nimefika saa moja na nusu asubuhi, nimekaa kwenye benchi na wenzangu wenye matumbo yao, mimi langu halijatoka, wananiangalia kama nimekuja kuiba chandarua. Nesi alipofika akasema waliokuja na waume zao wapite mbele. Wakapita, sisi wengine tukasubiri. Zamu yangu ilipofika akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikamwambia yuko kambini, anavua dagaa. Akasema nirudi naye, au nilete barua ya mwenyekiti ya kuthibitisha kwamba mume hayupo. Halafu akaongeza, "Na wewe mbona mapema hivi? Mimba yenyewe bado haishikiki. Njoo ikifika miezi minne." Hakunipima hata presha.

Mume wangu yuko mwalo wa kisiwani. Wanaojua dagaa wanajua: siku za giza, mwezi usipoonekana, hakuna ruhusa, watu wanarudi nyumbani mbalamwezi ikiwa kali. Na mbalamwezi hii wamebaki kutengeneza mtumbwi, kwa hiyo kumwona ni mpaka mwezi ujao. Nikimpigia ananiambia nakuja, nakuja. Kuhusu barua, mwenyekiti wa kitongoji chetu ni baba mdogo wa mume wangu. Nikimwomba barua asubuhi, jioni ukoo mzima unajua nina mimba.

Na hilo ndilo jingine. Niliyemwambia ni mama mkwe peke yake, naye amenikataza kliniki kwa sasa. Anasema mimba changa haitangazwi, watu wana macho, na ukikaa kwenye lile benchi umeshatangaza. Yeye alizaa saba, na kila mimba alianza kliniki mtoto akishacheza tumboni, achukue kadi tu ili asigombezwe siku ya kujifungua.

Sijisikii vibaya, ni kichefuchefu cha asubuhi tu, na harufu ya mafuta ya taa siivumilii. Naomba kujua: nina hasara gani nikisubiri mpaka mimba ifike miezi minne kama nesi alivyosema? Naruhusiwa kupimwa bila mume? Na kuna kituo cha afya kata ya pili, bodaboda ni shilingi 6,000 kwenda na kurudi. Niende, au nitakuwa nimetupa hela na huko nako wanirudishe?

---

Mama Pacha

Hongera mdogo wangu, Mungu akutunzie.

Mama mkwe wako usimwone mbaya. Mimi mimba mbili za mwanzo zilitoka, na zote nilikuwa nimeshasema. Kutoka kwenyewe kunauma, lakini kinachokumaliza ni watu kukuuliza sokoni "tumbo limeenda wapi?" huku wanakuangalia kiunoni. Ya tatu nikafunga mdomo. Nilivaa dera kila siku mpaka jirani akaniuliza kama nimeslimu. Kliniki nimeenda miezi mitano.

Nesi akapima kimo cha mimba, akapima tena, akamwita mwenzake. Kumbe ni pacha! Kiwango changu cha damu kilikuwa 8, kidogo mno, nikaambiwa zahanati hapanifai, nijifungulie hospitali ya wilaya, na tangu wakati ule ikawa ni kukimbizana tu na vidonge na nauli mpaka siku ya mwisho.

Ningekuwa na mahali pa kupimwa bila kuonekana ningeenda mapema, wallahi. Kliniki yetu benchi liko barazani, linaangalia barabara ya kwenda mnadani. Nani atakaa pale na mimba ya miezi miwili?

---

Karabai

Mimi naongea upande wa waume, maana mtatusema sana.

Mumeo hakudanganyi, dada. Ukiondoka kambini giza likiwepo, tajiri mwenye mtumbwi anaweka mtu mwingine kwenye nafasi yako, na ukirudi unakuta nafasi imeota mizizi. Nauli ya mtumbwi juu yako, kivuko juu yako, na unachoenda kufanya ni kukaa benchi na wanawake mpaka saa nane.

Kuna jambo tunalificha, acha niliseme. Wengi tunaogopa kile kipimo cha VVU. Mwaloni maisha yetu mnayajua. Kwa hiyo tunamwachia mke atangulie, akipima akatoka salama na sisi tunajihesabu tuko salama, tunaendelea na kazi. Mimi mwenyewe naona ina mantiki, damu si inachanganyika? Wataalamu wanisahihishe.

---

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu, na hongera.

Jibu fupi naliweka juu, maana wengine mtaishia hapa: usisubiri mimba ifike miezi minne, na mume si tiketi ya kuingilia kliniki. Panda hiyo bodaboda uende.

Nimefanya ukunga kwenye zahanati na vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, kwa hiyo naijua pande zote mbili za ile meza. Nianze na huyo nesi, kwa sababu nusu ya alichosema ina msingi. Kweli mimba ya wiki 9 haishikiki kwa mkono, inaanza kushikika juu ya mfupa wa kinena kwenye wiki 12. Kweli SP ya kukinga malaria hukupaswi kumeza sasa, inaanza wiki ya 14. Nesi aliyezoea kushika tumbo, kumezesha SP na kugawa chandarua, ukimletea wiki 9 anaona hana la kukufanyia. Lakini damu, mkojo na presha havihitaji tumbo liwe limetoka.

Presha nataka uielewe vizuri, maana hii ndiyo inayotutoa machozi wakunga. Mimba ikifika katikati, presha ya mwanamke kwa kawaida inashuka kidogo. Sasa anakuja mama ana wiki 22, hajawahi kupimwa popote, namkuta 120 kwa 80. Nafurahi, naandika, namruhusu. Wiki ya 34 anarudi imepanda. Hapo nabaki na kadi mkononi: huyu ana presha yake ya tangu zamani iliyojificha pale katikati, au ni kifafa cha mimba kinaanza? Yote mawili ni hatari, ila namna ya kumfuatilia si moja, na uamuzi wa lini azalishwe si mmoja. Ningekuwa na namba ya wiki 9 nisingekuwa nabahatisha. Wewe unaona ni namba tu kwenye kadi, mkunga wa zamu ya usiku atakuwa anaitafuta hiyo hiyo kwa tochi.

Tarehe nayo. Wewe umekuja na 14 Februari. Naongeza siku 7, narudisha nyuma miezi 3, napata 21 Novemba, hayo ndiyo makisio yako ya kujifungua. Anayekuja na miezi sita nikimuuliza hedhi ya mwisho ananiambia "tulikuwa tunavuna mpunga." Mpunga wa wapi, wa mwanzo au wa mwisho? Naandika tarehe ya kukisia, halafu siku zikipita hajashikwa na uchungu hatujui kama mimba imepitiliza au ni mpunga ndio uliotudanganya. Hata kipimo cha ultrasaundi kinakisia umri vizuri zaidi mimba ikiwa changa. Baadaye watoto wanatofautiana ukubwa, na makisio yanayumba.

Kaswende ikionekana sasa unachomwa penisilini na mtoto anaokoka. Ikionekana mwezi wa saba huenda imeshamfikia. VVU ni hivyo hivyo, mama akigundulika anaanzishiwa dawa bila kungoja, na kila wiki anayomeza kabla ya kujifungua inapunguza virusi anavyoweza kumpa mtoto.

Kuna moja ambalo hata wewe wa wiki 9 umechelewa, nami sitakuficha. Foliki asidi ya kumkinga mtoto na mgongo wazi inafanya kazi yake kubwa wakati mfereji wa uti wa mgongo unajifunga, na huo hujifunga kwenye wiki ya 6 kwa hesabu ya hedhi. Usiogope, watoto wengi sana wanazaliwa wazima. Ila mimba ijayo anza vidonge wakati mnapanga, kabla hujakosa siku zako. Kwa sasa utapewa vya madini chuma na foliki pamoja, kwa ajili ya damu.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mahudhurio yawe angalau 8, la kwanza ndani ya wiki 12. Sisi wa zamani tulifundishwa manne. Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha Tanzania asilimia 65 ya wajawazito wanafikisha manne au zaidi, lakini walioanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza ni asilimia 34 tu. Ule wa 2015-16 walikuwa 24, kwa hiyo tumesogea. Ila soma hizo namba pamoja: wanawake wanakuja, karibu wote wanafika kliniki angalau mara moja. Wanachochelewesha ni lile hudhurio la kwanza. Na la kwanza ndilo tulilolijaza masharti: mume, barua, siku maalumu ya wapya, vipimo vyote kwa mkupuo, nusu siku kwenye benchi. La pili na la tatu unaingia na kutoka. Mtu akiambiwa hana elimu ya uzazi kwa sababu kachelewa, huwa naomba kwanza aniambie mlango wa kliniki yake ukoje.

Suala la mume. Kwenye kitabu cha MTUHA namba 6, yaani kitabu cha kumbukumbu za kituo, kile cha wajawazito, kuna safu ya mwenza kupima. Wasimamizi wakija kutoka wilayani wanaiangalia. Nesi yuko peke yake, wanaume hawaji kwa kubembelezwa, basi anaweka sharti lake mlangoni. Mwongozo unasema mume ashirikishwe, ahamasishwe, hata apewe nafasi mbele. Haujasema mama asiye na mume afukuzwe. Na sheria ya VVU ya mwaka 2008 imesema kupima ni hiari baada ya ushauri nasaha, sasa hiari ya mume inakuwaje kufuli la mke?

Nimeona matokeo yake kwa macho yangu. Binti aliyekataliwa na mwanamume anamlipa dereva wa bodaboda aje akae naye ndani kama mumewe. Dereva anatoa damu, majibu yake yanaandikwa kwenye kadi ya mtoto asiyemjua, na kitabu kinaonyesha mwenza kapima. Nani amefaidika hapo? Mwanafunzi, mjane, aliyeachwa, mke wa mvuvi, hao ndio wanaorudi nyumbani, na wengi wao ndio wale ambao ningependa niwaone mapema kuliko wote.

Karabai, mwanangu, damu ya mke si majibu yako. Wapo wanandoa wengi mmoja ana VVU, mwenzake hana, wakaishi hivyo miaka. Mkeo akitoka salama ameonyesha kwamba yeye yuko salama siku ile, basi. Na akiambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha ndipo virusi vinakuwa vingi mno mwilini, mtoto anaingia hatarini zaidi. Kapime wewe mwenyewe, hata huko huko kisiwani.

Mama mkwe sitamcheka. Mimba nyingi zinazotoka hutoka kabla ya wiki 12, kwa hiyo wazee waliosema isitangazwe walikuwa wanamlinda mtu na yale maswali ya sokoni aliyoyasema Mama Pacha. Mimi ningemwambia hivi: "Mama, siri tunaitunza pamoja, ndiyo maana naenda kata ya pili ambako hatujulikani. Naomba unisindikize." Wakwe wengi wakiombwa kusindikiza wanabadilika. Kadi ifunike ndani ya daftari, nesi wa kule hana habari na ukoo wenu.

Ukifika sema maneno machache: hedhi yangu ya mwisho ni tarehe fulani, nimekuja kuanza kliniki, mume yuko kazini atakuja akirudi, naomba vipimo vyangu. Wakikukatalia, usigombane, omba kumwona mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Piga simu au uliza kwanza siku yao ya wapya usije ukala nauli bure. Na usikojoe kabla ya kupima mkojo, wengi wanatoka chooni ndipo wanapewa kikopo.

Damu ikitoka ukeni, au maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu cha kuanguka, hiyo haingoji siku ya kliniki. Nenda muda huo huo, na kama usafiri hakuna pigeni 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, ni bure.

---

Mwenyekiti Kitongoji

Nimesoma hadi mwisho na mimi ni mmoja wa wanaoandika hizo barua, si huko Buchosa lakini.

Akina mama wanakuja kwangu saa kumi na mbili asubuhi, mwingine anasimama kwenye kona ya nyumba anaogopa hata kubisha. Naandika "mhusika ni mkazi wangu, mumewe hayupo kwa sababu za kikazi", nagonga muhuri. Hakuna aliyewahi kuniagiza kwa maandishi nifanye hivyo, zahanati ndio wanawaleta. Sichukui hela. Wapo wenzangu wanachukua, wanaita ya wino.

Lakini Mkunga, tukiacha kabisa barua, hawa wanaume watakuja lini? Kijijini kwangu kabla ya hilo sharti hukumwona hata mmoja. Sasa wanakuja, wananung'unika, ila wanakuja.

---

Mkunga Mstaafu

Mwenyekiti, wanaokuja nimewaona na nawashukuru. Wasiokuja siwaoni mimi wala wewe, maana mama amerudi na mimba yake nyumbani na kwenye kitabu hayumo. Mwite mume kwa barua, ukipenda uigonge mihuri miwili, ila mama apimwe leo.

---

Binti wa Buchosa

Shikamoo bibi Mkunga, na ahsanteni wote. Narudisha majibu.

Nimeenda kituo cha afya cha kata ya pili, na mama mkwe amenisindikiza kweli! Tumekaa wawili nyuma ya bodaboda moja, yeye kajifunika kitenge hadi kichwani. Mapokezi wakaniuliza mume, nikasema vile ulivyonielekeza. Nesi akasema, "Haya, akirudi mlete," akaendelea kuandika. Presha 110 kwa 70, mkojo safi, VVU na kaswende hamna, kundi la damu O chanya. Damu 10.4. Chandarua nimepewa. Kwenye kadi ameandika makisio 21 Novemba, nikacheka peke yangu. Nirudi baada ya wiki 4, ndipo utafika muda wa SP. Mume nimempigia, amesema mbalamwezi ijayo anakuja. Nimemwandikia na ile ya damu ya mke, amesoma, hajajibu.

Sasa kuna vidonge. Mama mkwe anasema vya kuongeza damu vinamnenepesha mtoto nikashindwa kumtoa. Na tangu nianze, choo kimekuwa cheusi, ananiambia unaona? Pia nina hamu ya udongo wa pemba kupita kiasi.

---

Mkunga Mstaafu

Mwambie mama mkwe namsalimu na nimefurahi kusikia amepanda bodaboda.

Choo cheusi ni chuma kisichonyonywa kinachotoka, hakina madhara. Mtoto hanenepeshwi na kile kidonge, anayeongezeka damu ni wewe. Ukiwa na mjamzito mwenye 10.4 ukamwacha bila vidonge, damu yake inaweza kushuka zaidi, na siku ya kujifungua ikimwagika anakuwa hatarini zaidi. Kumeza usiku baada ya chakula, kichefuchefu kitapungua. Usimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini, achia nafasi ya saa moja au mbili. Chungwa linasaidia.

Hamu ya udongo mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unakula chuma na kukuletea minyoo. Ukipita wiki 13 watakupa dawa ya minyoo, uwakumbushe wakisahau. Badala ya pemba kula dagaa, na kwenu si vya kununua. Kaanga na vichwa vyake.